Kitindamlo cha matunda bila ngano, mayai wala maziwa: afya yake inatoka wapi?

Kitindamlo cha matunda kinachookwa bila ngano, mayai, maziwa wala siagi kimepewa sifa ya kuwa chakula cha afya hata kabla hakijaingia kwenye oveni. Watu husoma orodha ya vilivyoondolewa, wakaridhika. Naona hapo ndipo uchunguzi unapopaswa kuanza. Kilichoondolewa kimeacha pengo, na pengo hilo hujazwa na kitu kingine. Mara nyingi hujazwa na wanga mtupu wa muhogo au mahindi, sukari ya kufidia ladha iliyopotea, na majarini. Keki ya namna hiyo haimdhuru mtu asiyevumilia ngano, lakini kwa mwenye kisukari inaweza kuwa mbaya kuliko ile keki ya kawaida aliyoikimbia. La kuuliza ni nini kimeingia mahali pa ngano, yai na maziwa. Na kwa jikoni za Afrika Mashariki jibu ni zuri kuliko wengi wanavyodhani, maana vitu vinavyohitajika vinauzwa sokoni kwetu, na mbinu kadhaa walishazijua bibi zetu.

Tuwatazame kwanza wanaokihitaji. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa seliaki, protini hiyo huifanya kinga ya mwili wake mwenyewe iushambulie utando wa utumbo mwembamba. Vijinyweleo vinavyofyonza chakula huharibika, mtu akaharisha, akakonda, akapungukiwa na damu, mtoto hudumaa. Aliyeufichua uhusiano huo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake kwa sababu ya njaa ya vita, watoto waliokuwa wagonjwa wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Leo inakadiriwa kuwa duniani mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa huu, na wengi hawajijui. Kwetu, mtoto anayeharisha mfululizo hudhaniwa kwanza ana minyoo au amiba.

Hapa pana jambo ambalo halina budi kusemwa wazi. Anayeshuku kuwa ana seliaki asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu akiacha gluteni, hivyo majibu yanaweza kumwonyesha mzima kumbe ni mgonjwa. Apimwe kwanza, ndipo abadilishe jiko lake.

Wapo pia wanaoepuka mayai, maziwa au kitu chochote kitokanacho na mnyama, na sababu zao ni nyingi. Wako walioamua hivyo kwa kuwahurumia wanyama au kwa kujali mazingira. Wako Wajaini na Wahindu wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam ambao keki isiyo na yai kwao ni jambo la siku zote. Wako watoto wenye mzio wa mayai au maziwa. Tena watu wazima wengi wa Afrika, ukiondoa jamii za wafugaji, hupungukiwa na kimeng'enya cha kuisaga sukari ya maziwa. Wakinywa glasi moja tumbo huunguruma. Na wako wanaoikwepa ngano kwa kuhesabu shilingi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani, Kenya na Tanzania ambazo huagiza ngano nyingi kutoka nje ziliuona uzito huo kwenye chapati na mandazi. Unga wa ulezi na wa muhogo unatoka shambani kwetu.

Mtu asiye na tatizo lolote kati ya hayo hapati faida ya pekee kwa kuikimbia gluteni. Akifaidika, atafaidika na matunda, nafaka isiyokobolewa na upungufu wa sukari. Hivyo vinaweza kuwemo au vikakosekana, ngano iwepo isiwepo.

Kati ya vyote vinavyookwa, matunda ndiyo mahali pepesi pa kuanzia, na sababu yake imo kwenye kazi ya gluteni yenyewe. Unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa, gluteni hujisuka ikawa wavu unaonyumbulika. Hewa ya hamira hunaswa humo na mkate ukavimba. Ukiutoa wavu huo kwenye mkate, umetoa uti wa mgongo. Lakini matunda yaliyopangwa kwenye bakuli na kufunikwa kwa tabaka la unga wa chengachenga, kama yanavyookwa sana Uingereza, hayauhitaji wavu huo hata kidogo. Mpishi anayetumia ngano huusugua unga wake kwa siagi haraka, bila maji, kusudi gluteni isipate nafasi ya kujisuka, maana ikijisuka tabaka huwa gumu. Yai nalo halina kazi hapo. Kwa hiyo unayeanza, usianze na keki ya ghorofa. Anza na tunda lililofunikwa, ambalo kwa asili yake halikudai ngano wala yai.

Ukitaka kitu cha kuumuka, pwani ina somo tayari. Mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia, ni wa mchele, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Mchele huoshwa na kulowekwa usiku kucha, asubuhi huchujwa maji na kusagwa pamoja na tui hadi rojo liwe laini kabisa. Ukilipitisha kati ya vidole na ukahisi chembe, rudisha kwenye blenda, kwa sababu chembe hizo hazitalainika tena jikoni na mkate utalika kama una mchanga. Kisha rojo huachwa liumuke. Baadhi ya wapishi huongeza ute wa yai ili mkate uwe mwepesi zaidi, lakini wako wanaouoka bila huo ute na ukatoka na matundu yake yote. Sufuria hupakwa mafuta na kupashwa moto kwanza, rojo humiminwa likiwa limevimba, halafu hufunikwa na kupaliwa makaa juu ili moto utoke pande zote mbili.

Kinachofanyika ndani ya sufuria ndicho cha kuzingatia. Hakuna wavu wa gluteni. Hewa inashikwa na uzito wa rojo lenyewe kwa muda mfupi tu, hadi joto liifanye wanga ya mchele ivimbe na kushikamana. Ndiyo maana mkate wa kumimina haukubali kuchelewa. Ukiumuka na kuanza kushuka, hewa imeshatoka na hairudi. Rojo likiwa jepesi mno, mapovu hupanda na kupasuka. Likiwa zito mno, hayapandi. Waliowahi kuusimamia mkate huu wameshajifunza msingi wa uokaji wote usio na gluteni: uzito wa rojo na wakati wa kuliweka motoni. Kinachobaki kuurekebisha uwe kitindamlo cha afya ni kupunguza sukari, ambayo kwa mazoea yetu huwa nyingi, na kuongeza tunda. Vipande vyembamba vya ndizi mbivu au nanasi vikipangwa chini ya sufuria kabla ya kumimina hutoa utamu wa kutosha kupunguza sukari ya rojo kwa nusu. Isipunguzwe yote, maana hamira nayo hupenda kulishwa kidogo.

Sasa tuje kwenye unga, maana hapa ndipo afya ya kitindamlo hiki huamuliwa kwa sehemu kubwa.

Mchele ni mwepesi tumboni, hauna ladha kali na unapatikana kila duka. Lakini unga wa mchele mweupe ni wanga ambayo mwili huigeuza kuwa sukari haraka, na nyuzinyuzi zake ni chache. Isitoshe, mpunga hufyonza arseniki kutoka kwenye udongo na maji kuliko nafaka nyingine, hivyo si vyema mtu aliyeacha ngano akauegemea mchele kwa kila mlo. Muhogo una sifa moja kubwa jikoni: hunata, na kijiko kimoja cha unga wake huyafanya maji ya tunda kuwa mchuzi mzito wenye kung'aa. Zaidi ya hapo ni wanga tu, na protini yake ni kidogo sana. Muhogo mchungu una jambo jingine zito. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime nchini Tanzania ilipata mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, kwa sababu familia zilikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa muda wa kutosha kuiondoa sumu yake. Unga wa muhogo uliolowekwa, ukachachuliwa na kukaushwa vizuri hauna shida. Lakini tanuri halitakufanyia kazi ambayo mkaushaji aliiruka.

Nafaka ninayoipigia debe ni ulezi. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, kiasi ambacho mchele na ngano havikikaribii, na kwa mtu asiyetumia maziwa hilo si dogo. Una nyuzinyuzi nyingi kwa kuwa punje yake ni ndogo mno kukobolewa, hivyo husagwa na ganda lake. Tusiutie chumvi: kikombe cha unga wa ulezi kikigawanywa kwa watu 8 kinampa kila mmoja miligramu 50 hivi za kalsiamu, na sehemu yake hushikiliwa na asidi ya faiti iliyomo kwenye nafaka. Ni mchango wenye maana, si dawa. Rangi yake ya kahawia na harufu yake ya kufanana na karanga huendana na ndizi kwa namna ambayo Wachaga wanaijua tangu enzi, maana mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi. Kwa kitindamlo, upashe kwanza unga huo kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga hadi harufu ibadilike. Ule ukakasi unaowakera watoto kwenye uji hupungua sana.

Mtama nao unafaa, hasa mweupe, kwani mwekundu una uchungu wake. Zanzibar ina mkate wa mofa, wa mtama. Unga wa dengu, unaopatikana kwenye maduka ya nafaka ya Wahindi, huleta protini zaidi ya gramu 20 kwa kila gramu 100, na ukiwa theluthi moja ya mchanganyiko hulifanya tabaka la juu lishikamane na kubadilika rangi vizuri, kazi ambayo siagi na maziwa vingeifanya. Usiweke zaidi ya hapo, vinginevyo ladha ya bajia itatawala. Nafaka ya oti, ile ya uji wa asubuhi, haina gluteni ya ngano, lakini mara nyingi hulimwa na kusafirishwa pamoja na ngano na shayiri. Kwa mwenye seliaki itumike ile tu iliyothibitishwa kwenye pakiti.

Kwa mwenye seliaki, hata ulezi safi unaweza kumletea balaa pale unaposagwa. Niliwahi kusimama kwenye mashine ya kusaga mtaani na kilo mbili za ulezi nilioupepeta, nikauosha na kuuanika mwenyewe. Kwenye mdomo wa mashine palikuwa na unga mweupe.

"Kaka, kabla yangu umesaga nini?"

"Ngano, mama. Lakini usijali, nitaipangusa."

Aliipangusa kwa kitambaa, kwa nia njema kabisa, na kwa mtu mzima wa afya hilo lingetosha. Lakini tuhesabu. Kiwango cha Codex, kinachosimamiwa na FAO na WHO, kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano ni gramu 3 hivi, na ndani yake gluteni hufika miligramu 300. Kijiko hicho kikibaki ndani ya mashine na kuingia kwenye kilo 2 za ulezi, unga huo una miligramu 150 kwa kilo, zaidi ya mara saba ya kiwango. Na mashine ya kusaga hubakiza zaidi ya kijiko. Kwa hiyo anayemwokea mtu wa seliaki asage nyumbani kwa blenda yenye nguvu au kinu ambacho hakijawahi kuguswa na ngano, achekeche kwa chekecheo lake mwenyewe, na asioke mandazi ya ngano jikoni humo siku hiyo, maana unga hupaa na kutua kila mahali. Kikaango cha kupashia ulezi, mwiko wa mbao wenye nyufa, hata kopo la bekingi poda lililochotwa kwa kijiko chenye unga, vyote vichunguzwe. Kwa asiye na ugonjwa huo, mashine ya mtaani haina tatizo.

Tukiacha unga, sukari ndiyo inayofuata kwa uzito, na hapa watu wengi hujidanganya kwa majina. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali, shira na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na inapendekezwa ishuke hadi chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida asilimia 5 ni gramu 25 hivi, yaani vijiko 6 vya chai. Kikombe kimoja cha sukari, kipimo cha kawaida kabisa kwenye keki ya nyumbani, kina gramu 200. Kigawe kwa watu 8: kila kipande kina gramu 25. Mtu mmoja, kipande kimoja, amemaliza fungu lake la siku kabla hajanywa chai. Kubadilisha sukari nyeupe kwa sukari guru, sukari ya nazi au asali hakuibadilishi hesabu hiyo hata kidogo, na asali, kwa kuwa ni ya nyuki, haimfai asiyekula kitu cha mnyama.

Njia ya kweli ni kuliacha tunda lilete utamu lenyewe. Ndizi ikiiva, wanga yake hugeuka kuwa sukari. Ndizi ambayo ganda lake limeanza madoa meusi ni tamu kuliko ya manjano tupu, na kwa kuwa inaliwa nzima pamoja na nyuzinyuzi zake, sukari yake haihesabiwi kwenye ule ukomo. Kuoka huondoa maji, utamu ukakolea. Ndizi ya mkono wa tembo iliyoiva sana hubaki na umbo lake, ndizi kisukari huyeyuka na kuwa laini kama mchuzi, na kuzichanganya mbili hizo kwenye bakuli moja kunapendeza kuliko kutumia aina moja. Embe dodo lililoiva, nanasi la Kiwangwa au la Thika, fenesi, mapeasi ya Lushoto: yote yanafaa, ila kila moja lina maji yake. Nanasi na embe ni maji zaidi ya asilimia 80. Bila kijiko cha unga wa muhogo bakuli litageuka bwawa. Ndizi haihitaji. Tunda lisilo na uchachu hukinaisha likiokwa, kwa hiyo ndimu, ukwaju au unga wa ubuyu uwepo. Ubuyu una faida ya pili, kwani asidi yake huyaamsha magadi soda kwenye keki isiyo na maziwa mgando.

Panapohitajika utamu zaidi kwenye tabaka la juu, tumia tende. Tende ni sukari zaidi ya nusu ya uzito wake, tusifiche, lakini huja na nyuzinyuzi, na chache hufika mbali. Tende 6 za wastani zikipondwa huleta gramu 30 hivi za sukari. Kwa watu 8 ni pungufu ya gramu 4 kwa kila mmoja, badala ya 25.

Mafuta yamezua ubishi mwingi kuliko inavyostahili. Nazi ni uhai wa upishi wa pwani na siwezi kuifukuza jikoni. Hata hivyo, mafuta ya nazi ni mafuta mgando kwa zaidi ya asilimia 80, kiasi kinachoizidi siagi, na mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri wazi kwamba yasitumiwe kwa matarajio ya kuulinda moyo. Wanaoyauza kama dawa wanawapotosha watu. Jibu langu ni kutofautisha. Kikombe cha tui zito, kasimile, kina gramu 50 hivi za mafuta, nyingi zikiwa mgando. Kwa watu 8 ni gramu 6 kwa mtu, na ukomo wa mafuta mgando kwa siku ni gramu 22 hivi kwa anayekula kilokalori 2,000. Si haba, lakini inabebeka. Tui la pili, jepesi, linatosha kwa rojo la keki, na kasimile ikawekwa kijiko kimoja juu ya sahani wakati wa kula. Na chicha, ile nazi iliyobaki baada ya kukamuliwa ambayo wengi huwarushia kuku, ina nyuzinyuzi nyingi, mafuta machache kuliko nazi yenyewe, na harufu ya nazi. Ikaushwe kwenye kikaango na ichanganywe kwenye tabaka la juu: ndiyo inayolipa mkwaruzo. Mafuta yanayobaki yawe ya alizeti, pamoja na korosho, karanga au ufuta. Majarini siipendekezi. Nyingine zina maziwa ya unga ndani yake, na nyingine zina mafuta yaliyogandishwa kiwandani, ambayo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito yaondolewe kwenye chakula duniani kote.

Kwenye karanga, chagua kwa macho. Sumukuvu haifi kwa joto la oveni. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, na mwaka 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Karanga huathirika vilevile. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupwe, na karanga zilizosagwa tayari zisizojulikana zilikotoka zisinunuliwe.

Basi tuoke. Kwa bakuli la watu 8, chukua ndizi 4 zilizoiva sana na maembe 2 makubwa, ukate vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kamulia ndimu moja, tia iliki iliyotwangwa na kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo, changanya na upange kwenye bakuli la kuokea. Kwa tabaka la juu, loweka tende 6 zisizo na kokwa kwenye maji ya moto kidogo na uziponde. Changanya kikombe kimoja cha unga wa ulezi uliopashwa, nusu kikombe cha chicha iliyokaushwa, nusu kikombe cha korosho au karanga zilizotwangwa nusunusu, na chumvi kidogo, kisha vijiko 3 vya chakula vya mafuta ya alizeti na zile tende. Sugua kwa ncha za vidole hadi upate madonge madogo yasiyolingana. Yasipofanyika, nyunyiza maji kijiko kimoja, usimwage. Tawanya juu ya matunda bila kukandamiza, mvuke upate pa kutokea. Joto la nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40, mpaka mchuzi wa matunda utokote pembeni. Tende huungua upesi, kwa hiyo baada ya dakika 20 chungulia, na juu pakianza kuwa peusi funika kwa karatasi ya foili.

Asiye na oveni atandaze mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa nzito, aipashe moto ikiwa imefunikwa, aweke bakuli la chuma ndani, afunike na kupalia makaa juu, akifanyia nje au mahali penye hewa. Kiache kipoe nusu saa kabla ya kukila. Wanga ya muhogo huzidi kushika kadiri inavyopoa.

Kwa keki ya ndizi, shida ni kushikamanisha. Kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za chia au kitani zilizosagwa, kikiachwa dakika 10 kwenye vijiko 3 vya maji, huwa ute unaotosha mahali pa yai moja. Maganda ya ispaghula, yanayouzwa kwa ajili ya tumbo lililofunga, hushika zaidi, na kijiko cha chai kinatosha keki nzima. Maji yaliyochemshiwa dengu nyeupe huweza kupigwa hadi yakatoka povu kama la ute wa yai, jambo ambalo Mfaransa Joël Roessel alilitangaza mwaka 2014. Ni kweli yanafanya kazi, lakini povu lile huhitaji sukari nyingi ili lisimame, hivyo kwa lengo letu sioni haja yake. Ndizi mbivu yenyewe, ikipondwa, tayari inanata. Ukitumia zaidi ya mayai mawili ya mbadala kwenye keki ya ndizi, itatoka mbichi katikati hata ukiichoma saa nzima.

Mwenye kisukari anaweza kula, kwa kipande kidogo na baada ya mlo wenye mboga na protini, kwa kuwa tunda tamu ni tunda tamu hata kama limefunikwa kwa ulezi. Asiyekula kitu chochote cha mnyama akumbuke kwamba hakuna nafaka wala tunda litakalompa vitamini B12. Hiyo aitafute kwenye vidonge au chakula kilichoongezewa.

Kinachokosekana sasa si mapishi wala malighafi. Wasagaji na wafungashaji wa unga wa ulezi, mtama na muhogo, wakubwa kwa wadogo, tunawaomba waandike kwenye pakiti, kwa Kiswahili kinachosomeka, kama mashine zao zinasaga ngano pia. Na mamlaka za viwango nazo zidai hilo kama zinavyodai tarehe ya mwisho wa matumizi.